Kisanduku cha Herufi Arubaini

Mama akiulizwa kazi yangu hujibu, "Yuko hospitali,"
na watu huja na magoti yao mpaka sebuleni,
hunimiminia vidonge kiganjani, niwatambulie.
Mimi si daktari, nawaambia. Sindano niliiacha mwaka wa pili,
nikahamia kwenye kompyuta.
"Ah, kumbe fundi!"
Kesho yake wananiletea simu iliyoingia maji.

Kazi yangu imekaa katikati, haina jina la kutajika harusini.
Mgonjwa husema neno, mimi hulitafutia namba.

Ibra, Jumatano. Wanawake wametoka sokoni kwao
na vitambaa kwapani, wamepita kupima sukari mara moja.
Nilikuwa nimepanda juu kuitazama printa
nikamsikia Bi Zamzam, mzaliwa wa Tabora,
miaka hamsini Omani na Kiswahili chake hakijapata kutu:
"Kichwa kinaniwanga kama mchi kwa jirani.
Kinachotwangwa si changu,
usingizi unaokatika ndio wangu."

Mjukuu wake, Muhannad, akasema kwa Kiarabu:
kichwa kinamuuma.
Lissy, muuguzi wetu wa Kerala, akaandika kwa Kiingereza:
kichwa, maumivu.
Niliporudi chini, kwenye skrini yangu
ilikuwa imefika herufi moja na tarakimu mbili.

Sina ugomvi na namba. Namba ni sahihi.
Kwa namba hiyo dawa hutoka dirishani,
kwa namba hiyo Maskati hujua vichwa vingapi vimeuma
na makatoni mangapi yapakiwe.
Lakini mchi uko wapi?
Jirani amepotelea ngazi ya ngapi?

Nikampigia mhandisi Ghassan, mwenye funguo za mfumo.
Naomba kisanduku, nikamwambia,
cha maneno ya mgonjwa mwenyewe, kwa lugha yake.
"Atakisoma nani?"
Sijui. Nipe herufi mia mbili.
"Thelathini."
Mia.
Tukavutana kama tunanunua mbuzi.
"Arubaini, na usinipigie tena Alhamisi."
Arubaini: siku za mzazi ndani, siku za mwizi.
Nikaona zinatosha.

Miezi miwili kikajaa.
*Miguu imeingia sisimizi.*
*Roho inanipaa nikilala chali.*
*Tumbo lanisokota, halafu lacheka.*
Mzee mmoja aliandikisha *sina kitu, nimeletwa* tu,
nami nikamwachia hivyo hivyo, maana hilo nalo ni jibu.

Bi Zamzam akarudi. Safari hii nilikaa naye mimi,
Muhannad akabaki nje na simu yake.
"Kile kile," akasema.
Nikaandika polepole, nahesabu kwa midomo:
*kichwa kinaniwanga kama mchi kwa jirani*
Thelathini na tisa. Imebaki moja.
Nikatia nukta.

Mchana daktari wa Maskati akatokea kwenye kioo,
miwani imepanda kipajini.
"Hili neno la mwisho-mwisho. Mchi ni nini?"
Nikampigia meza kwa ngumi: du. Du. Du.
Akanyamaza. Akanitazama mkono.
"Unakwenda na mapigo ya moyo?"
Nikamuuliza bibi. Bibi akashika shingo, akasikiliza,
akaitika kwa kichwa kile kile kinachomwanga.
"Akae robo saa kwanza. Mpimeni presha tena, mikono yote miwili."

Kilichosomeka sitakisema. Hicho ni cha faili,
na kufunga mdomo ni nusu ya kazi hii isiyo na jina.

Akiondoka, Bi Zamzam alisimama mlangoni, baibui mkononi.
"Na jirani umemwandika?"
Nimemwandika, bibi.
"Basi huyo daktari wako amwambie apumzike kutwanga."